Mzazi wa Mtoto Mchanga Naye ni Mfiwa

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, na wa mbali wakaingia. Methali hii twaijua sote hapa Pwani, na kila penye msiba twaiona ikitimia. Akifa mzee wa mtaa, wenyewe huanza, na kabla ya adhana ya pili mabusati yamekwisha kutandikwa, sufuria zimekwisha kuinjikwa, na watu watoka Lamu na Vanga kuja kutoa mkono wa taazia. Lakini uko msiba mmoja ambao mfiwa wake hapewi nafasi ya kuanza kilio, na kwa hivyo wa mbali nao hawaingii. Ni msiba wa mzazi aliyefiwa na mtoto mchanga hospitalini. Mtoto wa siku moja, wa siku tatu au wa majuma mawili, ambaye hakuwahi kulala hata usiku mmoja katika nyumba ya babake.

Twauzungumza msiba huu leo kwa sababu si wa nadra. Utafiti wa afya na hali ya watu uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilihesabu watoto wachanga milioni 2.3 waliofariki katika mwaka huo huo. Wengine hawakutimiza siku zao tumboni, wengine walikosa pumzi wakati wa kuzaliwa, wengine walipatwa na maradhi ya kuambukiza, na wengine waliumbwa na kasoro ya moyo au ya viungo. Hapana mtaa wa Mombasa, wala kijiji cha Kwale, Kilifi au Lamu, ambao hauna mama wa namna hii. Tusipomjua ni kwa kuwa tumemfundisha kunyamaza.

NASARI

Aliyewahi kufika katika chumba cha watoto wachanga mahututi, ambacho wengi hukiita nasari, anajua kwamba huko saa hazitembei kama zinavyotembea nje. Mtoto amelazwa ndani ya sanduku la kioo lenye joto, mwili wake umejaa mipira na nyaya. Mpira mmoja wapita puani kumpelekea maziwa tumboni, kwa kuwa mdomo wake haujajua kunyonya. Mwengine wampa hewa. Jirani yake amefunikwa macho na kuwekwa chini ya taa ya samawati kwa sababu ya ugonjwa wa manjano. Mama, ambaye labda alipasuliwa juzi, huinuka kila saa mbili au tatu, usiku na mchana, akajikokota hadi hapo, akakamua maziwa matone machache, akayatia kikombeni, akarudi kitandani kungoja saa nyingine.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37 huhesabiwa kuwa hakutimiza siku. Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba wa miezi saba huishi na wa miezi minane hufa. Hilo si kweli. Kila siku anayoongeza mtoto tumboni huongeza matumaini yake. Lakini maneno kama hayo husemwa mbele ya mama mwenye mtoto wa miezi minane, na asemaye hajui kwamba amekwisha kumzika mtoto aliye hai.

Huo ndio mwanzo wa kosa letu. Tunamngojea mtoto afe ndipo tufikiri kama yafaa kutoa pole, au tunangojea atoke ndipo tulete zawadi. Katika siku hizo zote za katikati, mama yuko peke yake. Akija mgeni, huja na maswali. Je, alibeba mzigo mzito? Alitoka nje magharibi? Alimwonyesha nani nguo za mtoto? Nani mwenye jicho baya? Madaktari watuambia kwamba kuzaa kabla ya siku huletwa na mambo mengi, kama presha, malaria, maradhi ya kuambukiza au mimba ya pacha, na mara nyingi sababu yenyewe haijulikani kabisa. Basi tukimwuliza mama maswali hayo hatumsaidii mtoto hata chembe. Twamwachia mama kesi ambayo atajishtaki na kujihukumu mwenyewe miaka na miaka.

HABARI YA USIKU

Kisha huja usiku ule. Muuguzi amwita baba kando, au simu yalia nyumbani, na nyanya ndiye wa kwanza kuambiwa. Hapo hushauriana wakubwa. "Asiambiwe sasa, atashtuka." "Msimwonyeshe, atamzoea." Asubuhi mtoto huvikwa sanda, hubebwa mikononi kama mkate uliofungwa kitambaani, na wanaume wanne au watano huenda naye makaburini. Huchimbwa kaburi dogo, hurudi kabla ya jua kupanda, na mambo yamekwisha. Mama huamka akaambiwa, "Mwanangu, usilie. Huyo ni ndege wa Peponi. Bado u kijana, Mungu atakupa mwengine." Nguo ndogo zilizokuwa zimefuliwa na kukunjwa hazionekani tena. Hapana tanga, hapana hitima, na mara nyingi hapana jina. Baada ya juma moja hakuna atajaye tena kwamba alizaa.

Tusiwadhulumu wazee wetu. Hawakufanya hivyo kwa ukatili. Zamani watoto wengi walikufa, na mama aliyekuwa na wengine wa kulea hakuwa na nafasi ya kuvunjika. Tena kuharakisha mazishi ni Sunna, na mwanamke aliye katika nifasi amechoka, anatoka damu, na wazee walimwonea huruma. Walidhani kwamba asichokiona hakitamwuma. Ilikuwa ni huruma, lakini tukiwasikiliza wenyewe waliofichwa, twaona ilikosea njia.

Katika pwani hii wako mabibi wenye mvi, wenye wajukuu na vilembwe, ambao ukikaa nao faraghani wakakuamini, watakuambia idadi ya watoto wao, kisha watanyamaza kidogo na kuongeza mmoja. Mmoja ambaye hawakumwona uso. Wengine hawajui hata ni upande gani wa makaburi alikolazwa, kwa kuwa mume aliyejua alikwisha kufa. Jambo ambalo bibi alibeba miaka hamsini bila ya kulisema si jambo lililosahauliwa.

NA DINI YASEMAJE?

Watu wengine hudhani kwamba kumnyamazisha mama ndiyo dini yenyewe. Basi na tuitazame dini.

Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alifiwa na watoto wake wote wa kiume wakiwa wadogo. Ibrahim, mwanawe kwa Bibi Maria, alifariki akiwa ananyonya bado, mwaka wa kumi wa Hijra. Hadithi sahihi zatueleza kwamba Mtume alikwenda katika nyumba ya mhunzi Abu Saif, ambaye mkewe ndiye aliyekuwa akimnyonyesha mtoto, akamchukua Ibrahim, akambusu na kumnusa. Baadaye walipoingia tena mtoto yuko katika pumzi za mwisho, macho ya Mtume yakatiririka machozi. Abdurrahman bin Auf akashangaa, akamwuliza, hata yeye analia? Mtume akamjibu kwamba hiyo ni rehema. Kwamba jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi lisilomridhi Mola.

Tutazame yaliyomo katika kisa hiki. Mtoto alikuwa na jina, na Mtume alisema mwenyewe kwamba alimpa jina hilo usiku ule ule aliozaliwa, jina la mzee wake Ibrahim. Baba alimpakata, alimbusu, alimnusa. Baba alilia mbele ya wanaume wenzake wala hakuficha. Lililokatazwa ni kupiga mayowe, kujipiga mashavu, kuchana nguo na kusema maneno ya kumkufuru Mungu. Machozi hayakukatazwa. Basi anayemwambia mama "usilie" kwa jina la dini amemkataza jambo ambalo Mtume mwenyewe alilifanya.

Ama habari njema za subira, hizo ni kweli, na hakuna Mwislamu anayezitilia shaka. Wazazi waliofiwa na mtoto wakamshukuru Mungu wameahidiwa nyumba Peponi iitwayo Nyumba ya Sifa. Lakini dawa nzuri ina saa yake. Neno la Pepo likisemwa na mtu aliyekaa na mama siku tatu, akamshika mkono, akalia naye, huingia moyoni likatulia. Likisemwa na mtu aliyesimama mlangoni, viatu bado miguuni, huwa ni njia ya kumwambia mama afunge mdomo ili sisi tupate kuondoka.

Na jambo jingine tulikumbuke. Mama huyu yuko katika nifasi. Sala aliyokuwa akiikimbilia kila apatapo dhiki, sasa hawezi kuisali. Tunapomwambia "sali, utapata nafuu", twamwonyesha mlango uliofungwa. Afadhali tumkumbushe milango iliyo wazi, yaani dua na dhikri, ambazo hazina kizuizi, na tukae naye tuombe pamoja.

YATUPASAYO KUFANYA

Hatutaki kuishia katika lawama. Yako mambo ambayo kila mtu aweza kuyafanya, na mengi hayana gharama.

Kwanza, tumwendee mama mtoto akiwa bado yu hai. Hospitali huzuia watu kuingia nasari kwa kuogopa maambukizo, na zina haki. Lakini hakuna anayezuia kukaa na mama kwenye benchi la nje, kumpelekea uji na mchuzi wa moto, kumfulia kanga zake. Aliyeletwa kwa ambulansi kutoka Lamu au Mto Tana hana jamaa Mombasa. Alale wapi mumewe? Ale nini? Hapa ndipo jirani na msikiti wanapohitajika. Na tukimwuliza habari, tusimwulize "ataishi?" bali "leo yuaje?"

Pili, tusimwondoe mama karibu na mwanawe. Mwaka wa 1978 daktari Edgar Rey Sanabria wa mji wa Bogotá, nchini Colombia, alipoona masanduku ya joto hayawatoshi watoto, alianza kuwafunga watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo, iitwayo ya kangaruu, imeokoa watoto wengi ulimwenguni, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianzwe mapema iwezekanavyo baada ya mtoto kuzaliwa, ila kwa wale walio taabani kabisa wasioweza kupumua wenyewe. Baba na nyanya pia waweza kumbeba hivyo. Basi mama aliyeko nasari si mtu wa kufukuzwafukuzwa. Kifua chake ni sehemu ya matibabu. Na mtoto akifa baada ya kubebwa hivyo, mama hubaki na kumbukumbu ya joto lake.

Tatu, mtoto apewe jina mapema. Kungoja siku ya saba na akika ni jambo jema kwa mtoto mwenye afya, lakini kama tulivyoona, kumpa jina siku ya kwanza nako kuna msingi. Mtoto asiitwe "mtoto wa kitanda cha nne". Baba au muuguzi Mwislamu aweza kumwadhinia sikioni kwa sauti ndogo, hata kupitia kidirisha cha sanduku.

Nne, mauti yakifika, mama aambiwe, na aambiwe kweli, na mtu anayempenda, akiwa ameketi na mumewe yuko karibu. Kisha aulizwe kama ataka kumpakata mwanawe. Asilazimishwe, wala asizuiwe. Nusu saa haiharibu Sunna ya kuharakisha mazishi. Wanazuoni wamekubaliana kwamba mtoto aliyezaliwa hai, akalia, huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa na huzikwa kama mtu mzima, na wameruhusu wanawake kumwosha mtoto mdogo hata akiwa wa kiume. Basi nyanya yake aweza kumwosha kwa mikono yake. Kwa mtoto aliyetoka bila ya dalili ya uhai ziko hukumu zake, na familia imwulize sheikh mapema wala isibahatishe. Na baba amwonyeshe mama, afikapo wakati wa kuweza kutoka, mahali alipolazwa mtoto wao, au angaa amweleze.

Tano, tujue habari ya maziwa. Siku ya pili, ya tatu au ya nne baada ya uzazi, maziwa hujaa kifuani, mtoto awe yuko au hayuko. Mwili haujapata habari. Mama wengi watwambia kwamba saa hiyo, kanga inapolowa na hapana wa kunyonya, ndiyo iliyowaumiza kuliko hata ya kuambiwa. Na aghalabu hakuna aliyewatahadharisha. Mkunga au muuguzi amweleze kabla hajatoka hospitalini. Akamue kidogo tu ya kupunguza maumivu, aweke kitambaa cha maji baridi, avae nguo ya kumshika vizuri bila ya kujikaza kupita kiasi, na akipata homa au titi likiwa jekundu arudi hospitali. Ni maneno ya dakika tano, nayo yaweza kumwondolea mama dhiki kubwa.

Sita, tupike. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, Mtume aliagiza watu wa Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na la kuwashughulisha. Hakusema tupime kwanza umri wa marehemu. Nyumba iliyofiwa na mtoto wa siku tatu ni nyumba iliyofiwa. Arubaini ya uzazi haikufutika kwa kuwa mtoto hayupo. Mama huyu bado ni mzazi, na mwili wake wahitaji maji ya moto, kukandwa na chakula cha uzazi kama wenzake.

BABA NAYE

Baba twamsahau kabisa. Yeye ndiye aliyepanda feri ya Likoni alfajiri na chupa ya maziwa ndani ya kitambaa, aliyekimbilia dawa, aliyetafuta pesa za kulipia kitanda, aliyetafuta kibali cha mazishi, aliyeshuka kaburini. Akirudi, watu humwuliza, "Mkeo yuaje?" Hakuna amwulizaye yeye. Sheria ya Kazi ya mwaka wa 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 na baba majuma 2. Twawaomba matajiri na wakuu wa kazi wasimfuate mtu dukani kwake au kwa simu ati kwa kuwa hapana mtoto tena, basi hapana haja ya likizo. Na wenzake wa barazani wasimwache akae peke yake. Si lazima waseme mengi. Kahawa ikimiminwa na mtu akikaa karibu naye, yatosha.

Kwa maimamu wetu tuna ombi. Yafaa misikiti ya miji yetu ipange zamu ya watu wazima, wanaume na wanawake, wanaojua kuosha na kukafini watoto wadogo na wanaojua kukaa na wafiwa, ili hospitali ikihitaji iwe na wa kuita hata usiku wa manane. Yafaa pia habari hii itajwe katika khutba, wanaume wasikie. Na kwa wakuu wa hospitali twaomba jambo dogo, chumba kimoja, hata kiwe kidogo namna gani, chenye mlango wa kufungwa, ambamo wazazi waweza kukaa na mwana wao kwa mara ya mwisho. Twajua wauguzi wetu ni wachache na watoto ni wengi. Twajua nao hulia, chooni, wasionekane, kisha wakarudi kumtazama mtoto wa kitanda cha pili. Nao wastahili kuambiwa pole.

Mwisho, tuutambue ugonjwa. Huzuni ni haki ya mfiwa, lakini ikiwa baada ya majuma kadhaa mama hali, halali, haogi, hasemi na mtu, au asema kwamba afadhali afe, hilo si upungufu wa imani wala si shetani peke yake. Apelekwe kwa daktari, na dua ziendelee. Kimoja hakimzuii mwenzake.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sisi wengine hatuwezi kuubeba kwa niaba yake. Tunaloweza ni kumwachia mfiwa aanze kilio chake, kisha tuingie. Ukienda kesho kumtazama mama wa namna hii, usihangaike kutafuta maneno makubwa. Mwambie makiwa. Kaa chini. Kisha umwulize jina la mwanawe, na akikutajia, litaje nawe.